Spea Orijino za Ajuza

Jumapili, 3 Machi

Likizo imeanza! Wiki nzima bila mafaili ya idara ya maji, bila mkuu wangu wa kazi, bila watu wa kuja kunililia kwamba mabomba yao yanatoa hewa. Mimi na Ajuza tu.

Ajuza ni gari langu. Nieleze vizuri, maana huenda siku moja shajara hii ikasomwa na watu wa magazeti. Ni gari la porini, la zamani, la mraba, limenizidi umri. Aliniachia baba mkubwa. Linapanda popote. Tatizo lake ni moja: ndani halina ukoo. Stata, ile ya kuwashia injini, imetoka kwenye pikapu. Rejeta imetoka kwenye lori la mchanga. Kabureta inayoilisha injini petroli, hata Fundi Waya aliyeifunga hakumbuki aliitoa wapi. (Tunamwita Fundi Waya kwa sababu kila ugonjwa wa gari yeye dawa yake ni waya.) Linatembea, sikatai. Lakini kutembea peke yake ndiyo nini?

Jumapili ijayo ni maonyesho ya magari ya zamani, uwanja wa mpira. Kombe anapewa mwenye gari lililobaki jinsi lilivyotoka kiwandani. Mwaka jana kombe lilikwenda kwa Mstaafu wa mtaa wa pili. Mwaka juzi, Mstaafu. Ana gari pacha wa Ajuza, aina ile ile, umri ule ule, kila kitu orijino. Linang'aa mpaka linaumiza macho. Halitembei hata hatua moja! Wajukuu zake hulisukuma hadi uwanjani, naye anashika usukani kama rubani. Tukikutana njiani tunatikisiana vichwa tu, basi. Hanipendi. Nami simpendi zaidi.

Mwaka huu atanijua.

Mke wangu ameingia wakati naandika, nikafunika daftari. Ana kitalu cha miche nyuma ya nyumba, majirani wanamwita Mama Miche. Leo uso wake unawaka. Amepata ile kazi aliyoiomba! Shule ya wasichana ya kule juu mlimani inataka miche ya kuzungushia eneo lote, na wazazi wanakuja kuipanda Jumamosi. Lazima miche ifike kabla ya saa sita mchana. Isipofika, mwalimu mkuu amesema kazi yote inakwenda kwa kampuni moja kubwa ya mjini, na mke wangu asimfuate tena. Barabara ya huko ni udongo mfinyanzi mtupu, lori la kawaida halifiki. Akaniuliza Ajuza ni mzima? Nikamwambia hata leo, hata sasa hivi. Akanikumbatia mpaka kalamu ikaanguka.

Mipango yote imekaa sawa kichwani. Jumamosi mlimani, Jumapili kombe. Wiki nzima ya kumgeuza Ajuza orijino. Inatosha na kubaki!

Jumatatu, 4 Machi

Nimemwona Sindano. Sindano ni dalali wa spea, mwembamba, anapenya kila gereji, kila ua, kila banda la kuku lenye chuma cha zamani. Nikamweleza shida yangu. Akacheka, akasema nina nyota. Kuna mzee mmoja wa mbali, hataki kujulikana, ana spea orijino za gari kama langu. Nikauliza bei. Akasema mzee hauzi. Anabadilishana. Kitu kwa kitu.

Hiyo ndiyo biashara ninayoitaka! Pesa sina, vitu ninavyo.

Mzee anatoa saa ya spidi orijino, ile ya duara, yenye mshale mwekundu. Anataka stata. Stata yoyote, hata ya kuungaunga, mradi inafanya kazi. Nikadhani Sindano ananitania. Mtu anatoa dhahabu anataka makapi! Nikajitia kusitasita kidogo, nikakuna kidevu, ili asijue ninavyoitaka. Kisha nikakubali.

Stata nimeifungua mwenyewe mchana mke wangu akiwa kitaluni. Sihitaji stata. Ajuza ana hendeli ya kuzungushia kwa mkono, na hendeli ndiyo orijino hasa! Wazee wetu walizungusha, hawakufa.

Saa imeletwa jioni, imeviringishwa kwenye kitambaa cha mistari ya buluu, inanukia nta ya kung'arishia. Nimeifunga. Nimekaa ndani ya gari lililozima nikautazama mshale ukiwa kwenye sifuri. Machozi yamenilengalenga. Lo, uzuri ule!

Jumanne, 5 Machi

Grili! Wavu wa mbele, orijino, wenye nembo ya kiwanda katikati! Sindano amekuja kabla sijamaliza chai. Nimemwaga chai.

Mzee anataka rejeta. Hapa nilifikiri kidogo, nisiseme uongo. Rejeta ndiyo inayopoza injini. Lakini nikatafakari kitaalamu: tunakwenda wapi Jumamosi? Mlimani. Mlimani kuna nini? Baridi. Tena na mvua juu. Sasa gari linalopigwa na baridi na mvua linapozwa tena la nini? Kama tutahitaji sana, mke wangu ana ndoo za kumwagilia, tutakuwa tumezibeba. Nimempa rejeta.

Grili nayo imeviringishwa kwenye kitambaa kile kile cha mistari. Huyo mzee ana shuka gani lisiloisha?

Mke wangu ameuliza maji yaliyomwagika uani ni ya nini. Nimemwambia namsafisha Ajuza tumbo. Akasema vizuri, maana ana mzigo wa maana. Anafunga miche kwenye vifuko na kuiongelesha. Anaiambia itakwenda kuishi mahali pazuri, penye wasichana wenye akili. Nampenda sana mwanamke huyu.

Alasiri nikapita kwa makusudi mbele ya nyumba ya Mstaafu. Gari lake amelifunika turubai! Jumanne si siku yake ya kulipiga nta? Analificha nini? Nimejua. Ameshasikia habari zangu. Anatetemeka! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 6 Machi

Fundi Waya amenivamia nikiwa chini ya gari. Kichwa changu kimegonga chuma. Akauliza rejeta yake iko wapi. Nikamwambia si yake, ni yangu, nilimlipa. Akasema kuilipia nililipia, lakini kuizaa aliizaa yeye. Akasema ile rejeta aliikalia kutwa nzima akiichomelea, na mke wake alimnunia kwa kuchelewa, na leo mimi nimeigawa kama andazi. Amekasirika kweli. Nikamweleza habari ya orijino, historia, heshima ya kiwanda. Akaniuliza kiwanda kiko wapi. Nikasema kilifungwa zamani. Akasema basi ndiyo hiyo heshima yake.

Mtu asiye na maono ni mzigo. Akaondoka, akasema nisimwite tena hata gari likiwaka moto. Nikamwambia haliwezi kuwaka, sina stata. Jibu hilo lilinifurahisha, ila nadhani lilimpa yeye ushindi.

Sindano ameleta boneti. Boneti nzima! Ya rangi ya kwanza kabisa, kijani cha mzeituni, si hii yangu aliyoipaka baba mkubwa kwa rangi iliyobaki ya mlango. Inang'aa, nimejiona uso wangu ndani yake na nimeona nimependeza. Mzee anataka kile chuma kirefu cha chini kinachopeleka nguvu magurudumu ya mbele. Nimempa. Magurudumu ya nyuma yapo, yana nguvu zake, na gari husukumwa na nyuma tangu dunia iumbwe.

Sindano akaniomba nisimwambie mtu. Mzee ana haya, vitu ni vya kumbukumbu. Nikamwambia mimi ni kaburi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku kubwa kuliko zote!

Kabureta orijino! Yenye namba za kiwanda zilizogongwa ubavuni, zile zile zilizo kwenye kitabu cha baba mkubwa. Nimezisoma kwa sauti. Nimezisoma tena. Nimemwita mke wangu azisome. Akaja na mikono ya udongo, akazisoma kwa upole kabisa kama anamsomea mgonjwa, akauliza kama kabureta hii inafanya kazi. Swali la ajabu! Nikamwambia hii ilitoka kiwandani. Akasema hata viatu vyangu vilivyotoboka vilitoka kiwandani. Akarudi kitaluni.

Kwa hiyo mzee wa watu sasa ana kabureta yangu ya kuokotaokota. Namwonea huruma. Stata ya pikapu, rejeta ya lori, chuma cha chini alichounga Fundi Waya, na sasa hii. Nimemwibia kweupe! Nilimuuliza Sindano kama huyo mzee ana akili timamu. Akasema mzee anachekacheka peke yake siku hizi. Masikini.

Nilipita tena kwa Mstaafu. Turubai bado. Ndani ya ua kuna kugongagonga nyundo, na mtu anaimba. Atakuwa anajenga kabati la kuwekea makombe yake ya zamani, ya kumfariji.

Mke wangu amepiga pasi gauni lake la maua kwa ajili ya Jumamosi. Amelitundika mlangoni. Kila nikipita linanigusa bega.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nilitaka kumwasha Ajuza kidogo tu, kumsikia sauti.

Nimezungusha hendeli. Kimya. Nimezungusha tena. Kikohozi kidogo, kisha petroli ikatiririka kutoka kwenye kabureta orijino mpaka chini kama bomba la idara yetu. Nikaziba kwa kidole. Kidole kikanasa. Nikakitoa kwa sabuni ya kuogea.

Nikajaribu tena, hendeli ikarudi kinyumenyume ikanipiga kiwiko. Nimekaa chini. Nimeuona ulimwengu wote una rangi ya zambarau.

Nimemtuma jirani akamwite Fundi Waya. Jibu limerudi kwamba Fundi Waya amesafiri. Jirani anasema Fundi Waya mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo, akiwa mlangoni kwake, anakula ndizi.

Haidhuru. Mvua imeanza kunyesha. Gari la zamani huwa linakataa kuwaka mbele ya watu wengi, na leo majirani walikuwa wamejaa kwenye ukuta. Kesho asubuhi, hewa safi, watu wamelala, litawaka. Najua litawaka. Mke wangu aliuliza kupitia dirishani kama mambo yako sawa. Nikasema sawasawa. Sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika jioni. Nina tope mpaka masikioni. Acha nianze mwanzo.

Asubuhi miche yote ilikuwa imepangwa langoni, imemwagiliwa, imesimama wima. Mke wangu amevaa gauni la maua na hereni za harusi yetu. Nikazungusha hendeli. Nikazungusha. Nikazungusha! Nikamwomba Ajuza. Nikamtukana Ajuza. Nikamwomba radhi. Akatoa moshi mdogo kupitia grili orijino, akanyamaza moja kwa moja.

Mke wangu akaniambia nifungue boneti. Nikafungua. Akatazama mahali pa rejeta. Palikuwa na hewa. Akatazama mahali pa stata. Akainama akatazama chini. Hakunifokea, na ningeshukuru angefoka. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua hereni, moja, kisha ya pili, akazitia kwenye pochi. Akasema miezi yote ile alikuwa akiamka kuifunika miche isipigwe na jua, na alichoniomba mimi ni gari tu, ambalo lilikuwepo. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na saa yangu ya spidi.

Ndipo nikasikia sauti.

Kutoka mtaa wa pili. Gari linawashwa. Kikohozi kifupi, kingine kirefu, kisha ngurumo. Kikohozi kile nakijua! Nimelala nacho, nimeamka nacho, ni kikohozi cha Ajuza! Lakini Ajuza alikuwa mbele yangu, ameduwaa.

Nikatimua mbio. Turubai chini. Gari la Mstaafu linanguruma, halina boneti, halina grili, linatikisika lote. Mstaafu yuko nyuma ya usukani, amevaa kaptula ya michezo na shati la pajama. Mistari ya buluu! Suruali ya pajama haipo, na mimi ninajua ilipo, ninayo vipande vipande gereji. Nikachungulia kwenye injini. Stata yangu. Rejeta yangu. Kabureta yangu, na waya wa Fundi Waya bado umefungwa fundo lile lile.

Nikamwambia wewe ndiye mzee wa mbali! Akanitazama, akatazama mikono yangu yenye nta, akasema kumbe mimi ndiye yule tajiri wa nje ya mji asiyetaka kujulikana. Sindano, Sindano! Katuuza wote wawili, tena kila mmoja kwa jirani yake! Kisha huyu mtu, ambaye kwa miaka sijamsikia sauti, akaanza kulia. Nikadhani ni kwa ajili ya boneti yake. Hapana. Akasema gari hili halijawahi kuwaka tangu alinunue. Mkewe huliita sanamu. Kila Jumamosi alikuwa anaketi barazani ananiona mimi na mke wangu tunapita na Ajuza tunacheka, tumejaa vumbi, naye anarudi ndani kupiga nta. Akasema mwaka huu alijiambia makombe basi, anataka kwenda mahali.

Nikamwambia kuna mahali pa kwenda. Na ni kabla ya saa sita!

Hakuuliza mara mbili. Tumepakia miche tukikimbia, mkewe akipokea, mke wangu akipanga, majirani wakishuka ukutani kusaidia. Mke wangu akakaa mbele pamoja na mke wa Mstaafu. Mimi nikakaa nyuma, katikati ya miche, tawi moja puani. Barabara ya mlimani ilikuwa uji. Pale pabaya gari likaanza kuteleza, nikashuka nikasukuma, magurudumu yote manne yakanimwagia tope lote la nchi hii. Lakini likapanda! Lilinguruma, likakohoa, likapanda, Mstaafu akipiga kelele za furaha, na mimi nyuma nikipiga kelele zaidi yake, maana ngurumo ile ni yangu!

Tumefika. Wazazi walikuwa bado wanakunywa chai. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu asiyecheka, aliishika miche mmoja mmoja, akaangalia mizizi, kisha akacheka. Akamwambia mke wangu anataka na ya matunda, Alhamisi. Mke wangu akatoa hereni kwenye pochi akazivaa pale pale. Nilifurahi mpaka nikajificha nyuma ya gari nikajifuta macho kwa jani.

Wakati wa kushuka, nikiwa nyuma peke yangu, nikagundua jambo. Mstaafu hana grili. Hana boneti. Hana kabureta ya kiwanda, hana saa ya spidi. Vyote vyake viko kwa nani? Kwangu! Kesho hana cha kushindania. Kombe ni langu!

Jumapili, 10 Machi

Ajuza ameingia uwanjani kwa heshima zote. Amevutwa kwa kamba na gari la Mstaafu, lakini niliwaambia watu ni mbwembwe ya maonyesho.

Jaji ni bibi mmoja aliyefundisha ufundi magari maisha yake yote, mwenye miwani mizito na tochi. Akagonga grili kwa ukucha. Orijino. Akalamba kidole akakipitisha kwenye boneti. Orijino! Saa ya spidi, akaitazama kwa muda akatikisa kichwa kwa mapenzi. Kabureta, akasoma namba, akaniambia hongera kijana. Mimi kijana! Nilikuwa naelea.

Kisha akaingiza tochi chini kabisa, kwenye ubavu wa injini yenyewe, akakaa huko muda mrefu. Akatoka akiwa na huzuni. Injini si ya gari hili. Ni ya gari la kusambazia mikate! Baba mkubwa, umenifanyia nini?

Nafasi ya pili. Kombe limekwenda kwa mtu aliyekuja na kigari kidogo kama sanduku. Kitu kimoja tu kilinikosesha! Kimoja!

Mstaafu hakushindana. Alikuwa anawazungusha watoto uwanjani tangu asubuhi, mkewe pembeni amefunga kitambaa kichwani, anampigia honi kila mtu. Watu walimzunguka yeye kuliko washindi. Sielewi watu wanataka nini kwenye magari.

Jumatatu, 11 Machi

Likizo imekwisha. Naandika mezani kazini, faili moja juu ya shajara.

Asubuhi mke wangu alinikalisha. Alhamisi miche ya matunda lazima ipande mlimani, na Mstaafu hatakuwepo. Anampeleka mkewe kumwona dada yake, safari waliyoahidiana tangu ujana. Kwa hiyo ni Ajuza au hakuna. Akanipa bahasha, sehemu ya malipo yake ya Jumamosi, akasema anajua kwamba ni wazimu kunipa lakini mimi ni mume wake. Nitafute kitu chochote cha kulifanya gari litembee. Hataki kujua kimezaliwa wapi. Hataki kuona namba. Kitembee tu. Akaniuliza kama nimemwelewa, nikaapa. Akaniuliza tena, nikaapa tena, mkono juu. Akanibusu kwenye paji la uso, mahali nilipogonga chuma. Nilitoka nyumbani mtu mpya.

Saa ya chakula nani anasimama dirishani kwangu? Sindano! Nilimshika ukosi. Nilitaka kumkunja. Akaniomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, akasema amekuja kulipa dhambi yake, hataki hata chai. Amepata injini. Ya Ajuza! Injini orijino, ya kiwanda, ya mwaka ule ule, haijafunguliwa, imekaa kwenye mafuta yake tangu enzi hizo. Ameniletea picha. Nikamwachia ukosi, nikamnyoosha shati.

Namba zinaonekana! Nimezisoma kwa sauti mpaka mkuu wa kazi akachungulia.

Na nimefikiri kwa makini, sikurupuki tena. Mke wangu amesema nitafute kitu cha kulifanya gari litembee. Nani ataniambia kuna kitu kinachotembeza gari kuliko injini? Nimetii neno kwa neno! Tena bahasha yake nitamrudishia nzima, hataamini macho yake, maana mwenye injini hataki hata senti. Shida yake ni kwamba ana injini lakini hana pa kuifunga, na amechoka kuitazama. Anataka kubadilishana na gari tu, basi, gari lolote la zamani.

Bahati iliyoje! Gari ninalo!